Pemba nje ya lami: Siku moja ya udongo mwekundu, karafuu na wali wa nazi

WATALII wengi wanaofika Zanzibar huishia Unguja. Hutembea vichochoro vya Mji Mkongwe, hujitupa katika fukwe za Nungwi na Paje, kisha hurudi makwao wakiamini kwamba wameiona Zanzibar yote.

Kaskazini mwa Unguja kipo kisiwa kingine, Pemba, ambacho Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Kina urefu wa takriban kilomita 67, na kwa sensa ya mwaka 2022 kilikuwa na wakazi zaidi ya nusu milioni. Kwa Mkenya, hiki si kisiwa cha mbali. Mvuvi wa Vanga au Shimoni anakijua kama jirani, na wapo Wakenya wengi ambao babu zao walizaliwa huko.

Hoteli za kitalii Pemba ni chache na mabasi makubwa ya wageni hayaonekani. Njia bora ya kukijua kisiwa hiki kwa muda mfupi ni ziara ya siku moja kwa gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, likiongozwa na mwenyeji, na chakula kikiliwa kijijini.

Ziara za aina hii zinazidi kupata wapenzi katika visiwa vingi duniani. Hata hivyo, si zote zilizo na manufaa sawa. Kabla ya kulipa, mgeni anafaa kuuliza maswali mawili: Ni nani atakayeniongoza, na je, chungu cha chakula changu kitachemkia wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama siku hiyo itamfaa mgeni peke yake au itamfaa mwenyeji pia.

Kwa nini gari maalum?

Pemba haina milima. Sehemu zake za juu kabisa zinafikia mita mia moja hivi kutoka usawa wa bahari. Lakini kisiwa chote ni vilima na mabonde yaliyofuatana kama mawimbi, na hicho ndicho kinachoipa sura tofauti na Unguja iliyo tambarare zaidi.

Barabara kuu zinazounganisha miji ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde zina lami. Ukiziacha tu, unaingia katika njia za udongo zinazopita baina ya mikarafuu, minazi na mashamba ya mihogo. Upande wa magharibi na katikati udongo ni mwekundu na wenye rutuba. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, zikinyesha, udongo huo huteleza kama sabuni, na gari la kawaida haliwezi kupanda kilima hata kiwe kidogo namna gani.

Upande wa mashariki na sehemu za kaskazini kama Micheweni hali ni nyingine. Huko ardhi ni mawe ya matumbawe ya kale yenye ncha kali na udongo haba. Hapa tatizo si utelezi bali ni tairi kupasuka na sehemu za chini ya gari kugonga mawe.

Kwa hiyo dereva mzoefu hubadilisha mwendo kulingana na ardhi. Kwenye udongo mlaini huenda kwa gia kubwa ya nguvu, taratibu, bila kukanyaga breki ghafla. Kwenye mchanga hupunguza upepo wa tairi ili zitandazike na zisizame. Kwenye mawe huhakikisha upepo umejaa na huchagua kila jiwe la kukanyaga.

Miezi inayofaa zaidi ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, wakati njia nyingi huwa kavu. Anayetaka kuona mavuno ya karafuu aulize kwanza, kwa kuwa msimu hubadilika mwaka hadi mwaka na mikarafuu ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata.

Jambo moja lisisahaulike. Kuendesha gari nje ya lami si ruhusa ya kuendesha popote. Mashamba hayana ua, na njia inayoonekana kuwa ya wote huenda ikawa ni mpaka wa shamba la mtu. Fuko za mchanga nazo ni mahali ambapo kasa hutaga mayai usiku. Mwongozaji mwema huliacha gari kwenye miti na kuwatembeza wageni kwa miguu hadi ufukweni.

Mwongozaji ni nani?

Zanzibar ina sheria zake za utalii. Waongozaji watalii husajiliwa na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar na hupewa vitambulisho. Mgeni ana haki ya kuomba kukiona kitambulisho hicho, na hakuna mwongozaji mwaminifu atakayekasirika kwa kuulizwa.

Lakini kitambulisho pekee hakitoshi. Mwongozaji aliyekulia Pemba anajua kijiji kipi kina msiba siku hiyo na hakifai kupitiwa kwa kelele. Anajua ni mzee gani wa kuombwa ruhusa kabla ya kuingia katika magofu. Anajua pia saa za maji kupwa na kujaa, kwa kuwa kuna njia za pwani ambazo bahari huzifunika.

Anayejua kuendesha tu atakuonyesha barabara. Mzaliwa wa kisiwa atakuonyesha kwa nini barabara ile ilipita pale.

Asubuhi: Harufu ya karafuu

Ziara nyingi huanzia Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa, na kituo cha kwanza huwa ni karafuu. Nje kidogo ya mji, eneo la Wawi, kipo kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Harufu yake humpokea mgeni kabla hajafika langoni.

Karafuu si zao la asili la Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Miche ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Sayyid Said mashamba yalienea kwa kasi yakitegemea jasho la watumwa. Mwongozaji asiyeitaja sehemu hiyo ya habari amemdhulumu mgeni wake, kwa maana mikarafuu inayopendeza machoni leo ilipandwa kwa mateso. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897.

Jinsi Pemba ilivyokuja kuwa bingwa wa zao hili ni kisa cha hali ya hewa. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, ingawa jina linalopata sifa sokoni ni la Zanzibar.

Wakati wa mavuno, wachumaji hupanda juu ya miti na kuchuma vichala kabla maua hayajafunguka. Ua likishafunguka, thamani imepotea. Malipo ya mchumaji huhesabiwa kwa pishi, kipimo ambacho Waswahili wamekitumia tangu enzi za mababu. Kisha familia nzima huketi kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo, na karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa hadi zigeuke rangi ya kahawia iliyokoza.

Hapa pana adabu ya dereva. Majamvi hayo mara nyingi hutandazwa kando ya barabara, na gari linalopita kwa kasi huyafunika vumbi. Vumbi hushusha daraja la karafuu, na daraja likishuka bei nayo hushuka. Dereva anayepunguza mwendo mbele ya jamvi anaheshimu mkate wa mtu.

Kwa muda mrefu mkulima wa Pemba amelazimika kuliuzia shirika la serikali pekee. Kwa miaka mingi, bei ilipokuwa haimridhishi, karafuu zilivushwa usiku kwa magendo hadi pwani ya Kenya. Wazee wa Shimoni na Mombasa hawahitaji kuelezwa habari hizo.

Mkama Ndume na kisima cha wake wawili

Kusini mashariki mwa Chake Chake, kupita njia ya udongo, yapo magofu ya Pujini. Ilikuwa ngome iliyozungushiwa ukuta na handaki, nayo inakadiriwa kuwa ya karne ya 15. Masimulizi ya wenyeji yanaitaja kuwa makao ya mtawala katili aliyeitwa Mkama Ndume, jina ambalo maana yake ni mkamua wanaume.

Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga kisima chenye ukuta katikati ili kila mmoja ateke maji upande wake bila kumwona mwenzake.

Mgeni akifika Pujini bila msimulizi ataona mawe na vichaka tu. Bila mtu wa kumwonyesha mahali pa kisima na handaki, atakuwa amelipia mafuta ya gari bure.

Tumbe na Chwaka: Historia ya sahani ya wali

Kutoka hapo gari huelekea kaskazini. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, soko la samaki la Tumbe huwa na shughuli nyingi. Mashua huingia, samaki humwagwa chini, na mnada huanza papo hapo. Changu, kolekole, jodari na pweza hupata wenyewe kwa muda mfupi, wengine wakipakiwa kwenye baiskeli na pikipiki kuelekea vijijini.

Ni hapa ambapo mwongozaji mwenye busara hununua samaki wa mchana na kumpigia simu mpishi kijijini. Samaki wako umemwona akitoka baharini, na mvuvi amelipwa mbele yako.

Tumbe si kijiji cha jana. Watafiti wa mambo ya kale waliochimba eneo hilo waligundua mabaki ya makazi makubwa ya kati ya karne ya 7 na ya 10. Karibu yake, Chwaka, kulikuwa na mji wa mawe uliostawi kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, na hadi leo magofu ya msikiti na makaburi yapo. Wenyeji husema kwamba mmoja wa waliozikwa hapo ni Haruni, mwana wa yule Mkama Ndume wa Pujini.

Waliochunguza mbegu zilizoungua na kubaki ardhini walikuta jambo linalohusu moja kwa moja chakula cha mchana cha mgeni. Wakazi wa Tumbe ya kale walikula zaidi mawele, na mchele ulikuwa kidogo tu. Katika mji wa Chwaka uliofuata, mchele ndio uliotawala.

Kwa maneno mengine, watu wa Pemba walihama kutoka ugali wa mawele hadi wali takriban miaka elfu moja iliyopita, wakati ule ule miji ya Waswahili ilipokuwa inakua, misikiti inajengwa kwa mawe na biashara ya bahari inashamiri. Wali ukawa chakula cha heshima, cha kumpa mgeni. Bado ni hivyo.

Mchele wa Pemba uliwahi pia kuilisha Mombasa. Katika karne ya 18 kisiwa hiki kilikuwa chini ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, nao walikitegemea kwa nafaka. Walipokipoteza kwa majeshi ya Sayyid Said mwanzoni mwa miaka ya 1820, walipoteza ghala lao. Ukipita leo kwenye mabonde baina ya vilima na kuona mashamba ya mpunga yenye maji, kumbuka kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiwaniwa.

Msitu wa Ngezi

Kaskazini magharibi, baada ya mji mdogo wa Konde, mikarafuu hukatika ghafla na gari kuingia chini ya kivuli kizito. Huu ni msitu wa Ngezi, msitu mkubwa wa asili uliosalia kisiwani. Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilifunikwa na miti ya namna hii. Mikarafuu ndiyo iliyoimaliza.

Pemba imetenganishwa na bara kwa mlangobahari wenye kina cha mamia ya mita. Unguja iliwahi kuungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini katika zama za barafu, lakini Pemba ilibaki kisiwa. Kwa sababu hiyo, baadhi ya viumbe wake hawapatikani popote pengine duniani, wakiwemo ndege wa aina nne, mmoja wao akiwa bundi mdogo wa msituni. Yupo pia mti wa jamii ya mitende uitwao mpapindi, ambao asili yake ni hapa tu.

Mwongozaji wa msitu atakuonyesha migomba mwitu, yenye ndizi zilizojaa mbegu ngumu zisizolika. Asili ya migomba hiyo ni Asia, na wataalamu huihusisha na safari za kale za mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi.

Hapa gari husimama na injini huzimwa. Njia za msituni ni za miguu. Kila njia mpya ya gari inayokatwa ndani ya msitu mdogo kama huu huugawa vipande, hukausha udongo na kuwafungulia mlango wakata miti. Ziara inayojigamba kwamba itakuvusha msituni kwa kishindo cha injini ni ya kuepukwa.

Baada ya msitu, bahari hufunguka katika ufukwe wa Vumawimbi, mrefu na mweupe. Mbele zaidi, kwenye ncha ya Ras Kigomasha, upo mnara wa taa wa chuma wa kuongozea meli.

Chungu kinachemkia wapi?

Ifikapo saa nane mchana, njaa imeshafanya kazi yake. Ziara nyingine hubeba vyakula vya makopo na mikate iliyofungwa hotelini tangu alfajiri. Zile zilizo bora huwa zimepanga na familia au kikundi cha akina mama kijijini, nao huanza kupika mgeni angali njiani.

Chakula cha Pemba husimama juu ya nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ile ya mti yenye ulimi wa chuma, kisha machicha hukamuliwa kwa maji na kuchujwa. Tui la kwanza, zito, ndilo kasimele, nalo huwekwa kando na kutiwa mwishoni ili lisikatike. Tui jepesi la pili ndilo linalopikia. Anayeyachanganya yote mwanzoni hupata mafuta yanayoelea juu ya mchuzi.

Mkekani huletwa wali wa nazi, mchuzi wa samaki uliotiwa bizari na ukwaju au ndimu, na pweza wa nazi. Pweza huyo mara nyingi amekamatwa na wanawake waliotembea miambani maji yalipokupwa. Hupigwapigwa kwanza ili alainike, akachemshwa, kisha akapikwa katika tui hadi liwe zito.

Kando yake huwepo muhogo au shelisheli la nazi, kisamvu, kachumbari na pilipili. Msimu ukiruhusu, hufuata matunda ambayo Wakenya wa bara huenda hawajawahi kuyaonja: shokishoki zenye nywele nyekundu, mabungo ya kutengenezea sharubati, na doriani, tunda ambalo harufu yake huwakimbiza wengine na kuwaita wengine.

Mgeni huvua viatu, hunawa, huketi mkekani na kula kwa mkono wa kulia. Mkubwa huamkiwa kwa shikamoo. Kwa Mkenya wa pwani hakuna kigeni katika hayo. Kwa wa bara, akikumbuka kwamba ameingia nyumbani kwa mtu na si hotelini, atakuwa amefaulu.

Shilingi inabaki wapi?

Kisiwa hiki kimekaa pembeni kwa muda mrefu. Siasa zake zimekuwa na majeraha. Mnamo Januari 2001, baada ya maandamano ya wafuasi wa upinzani kuzimwa kwa risasi, Wapemba wapatao 2,000 walivuka bahari kutafuta hifadhi Shimoni, nchini Kenya. Watalii na wawekezaji walikwenda kwingine, na vijana wengi wa Pemba wamezoea kuhama kutafuta kazi Unguja, Dar es Salaam na Mombasa.

Kwa hali hiyo, si jambo dogo fedha za ziara zinapokwenda. Chukua mfano wa siku moja. Mgeni akilipia kila kitu mbali na kisiwa, gari likatoka kwingine, dereva akatoka kwingine na chakula kikafungwa hotelini, kijiji kitakachobakia nacho ni vumbi. Akilipia mwongozaji wa hapo, samaki wa Tumbe, mpishi wa Makangale na kiingilio cha msitu, fedha ile ile itakuwa imepita katika mikono mingi ya wenyeji kabla ya jua kutua.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kuomba mchanganuo wa bei kabla ya kukubali: mafuta na gari, dereva, mwongozaji, viingilio, chakula, maji ya kunywa. Mwenye ziara ambaye anashindwa kusema mpishi atalipwa kiasi gani huenda hajapanga kumlipa inavyostahili.

Popo walionusurika

Mfano mzuri wa faida ya mpango huo unapatikana njiani kurudi Chake Chake, katika kijiji cha Kidike. Hapo juu ya miti hulala popo wakubwa wa Pemba, wenye manyoya ya rangi ya kutu na uso kama wa mbweha. Hawapatikani popote pengine duniani.

Popo hawa waliwindwa kwa nyama, na miti waliyolala ilikatwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofu kwamba wangetoweka kabisa. Kampeni za uhifadhi vijijini zilifuata, na vikundi vya wenyeji vikaanza kulinda miti ya popo na kutoza kiingilio kidogo kwa wageni. Idadi yao ilipanda tena hadi kupita 20,000.

Mwanakijiji aliyeona popo kama kitoweo cha siku moja alianza kumwona kama kitega uchumi cha miaka. Wala faida si ya fedha tu. Popo hula matunda na kutawanya mbegu usiku, hivyo msitu nao huwahitaji. Anayepiga makofi au kurusha mawe ili waruke apate picha anaharibu kazi hiyo yote. Mwongozaji hana budi kumzuia.

Kabla ya kufunga safari

Hakuna njia ya moja kwa moja iliyo rahisi kutoka Kenya hadi Pemba. Wengi hupitia Unguja, kisha hupanda ndege ndogo hadi Chake Chake au meli hadi bandari ya Mkoani. Masharti ya kuingia, yakiwemo ya chanjo na bima, yaulizwe mapema kwa kuwa hubadilika.

Suala la meli si la mzaha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya abiria wakafa. Takriban kila kijiji cha Pemba kinajua mtu aliyepotea usiku ule. Chombo kikionekana kimejaa, shuka. Kesho kuna kingine.

Idadi kubwa ya Wapemba ni Waislamu na kisiwa kina staha zake. Mabega na magoti yafunikwe ukiwa nje ya ufukwe, na picha ya mtu isipigwe bila idhini yake. Ijumaa mchana shughuli husimama kwa ajili ya sala, na ratiba ya ziara ipangwe ikizingatia hilo. Wakati wa Ramadhani vyakula haviuzwi hadharani mchana, na ziara ya chakula ni heri ihamishiwe jioni, wakati wa futari.

Jirani aliyesahauliwa

Kwa Mkenya, safari hii ina jambo moja la ziada. Tangu miaka mingi iliyopita, wavuvi kutoka Pemba waliweka makao Kilifi, Kwale na sehemu nyingine za pwani yetu. Walizaa na kuzika hapa, lakini wengi waliishi bila vitambulisho, wakishindwa kufungua akaunti za benki wala kumiliki ardhi kisheria. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kama jamii ya Wakenya.

Aliyewahi kukutana nao na kuwaona wageni, akipita siku moja katika njia nyekundu za Pemba, atazisikia salamu azijuazo, atakula wali ambao mababu wa Mombasa walikula, na atajua kwamba mgeni pale ni yeye.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Msemo huo una masharti: mwenyeji hawezi kupona iwapo mgeni amekuja na chungu chake, kuni zake na mpishi wake. Gari likirudi Chake Chake jioni, likiwa limejaa tope hadi vioo, na kifurushi cha halua kiko mapajani, swali la kujiuliza ni moja tu. Je, huko tulikopita, wangependa turudi?